Vitenge chakavu: nishone mifuko ya sokoni?

Mama Wawili: Habari zenu wapendwa, nina vitenge kama sita vimepauka ila bado vizima, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 kila nikienda soko la Ilala nanunua mfuko mwingine, kabatini imejaa mpaka aibu. Cherehani sina, mshono wa mkono utabeba viazi kilo tatu kweli?

Fundi wa Temeke: Utabeba dada, ila uzi uwe mara mbili na ushone kwa kurudi nyuma, pale mkanda unaposhika mfuko piga mraba halafu msalaba katikati, hapo ndo huwa panachanika. Kitambaa weka mbili mbili.

Bibi Mbagala: Kikapu cha ukili kipo jamani! Changu mwaka wa nne huu, nyanya hazipondeki, na kikijaa najua hela imetosha, narudi nyumbani.

Mama Wawili: Shikamoo bibi 😀 changu kiliota ukungu.

Bibi Mbagala: Marahaba. Ulikifungia kabatini na unyevu wa mchicha eeh? Kianike kwanza.

Mama Wawili: Umenijuaje bibi! Haya, leo naanza na kile cha maua ya njano, umeme usikatike tu.