Vifaa vya zamani vya kuonea usiku: tufungue tyubu ya Kirusi, kamera ya CCTV au darubini ya kidijitali?

Komba_Jozani: Asalaam alaykum wakuu. Nina vifaa vitatu vya zamani: darubini ya jicho moja ya Kirusi yenye tyubu (kichupa cha kioo kinachokuza mwanga hafifu), kamera ya CCTV iliyokuwa ukutani Paje hadi chumvi ikaimaliza, na darubini ya kidijitali iliyopasuka kioo. Vijana wa mtaani wanaosoma fizikia wanataka kuona kiza kinageukaje kuwa picha. Tuanze na kipi?

Fundi_Mkunazini: Kaka, anza na kamera. Inatumia volti 12, haina hatari. Toa kioo cha mbele, utakuta taa za LED zimeizunguka lenzi. Urefu wa mawimbi ya mwanga wake ukiwa nanomita 850 mtaona wekundu hafifu. Za 940 hamtaona kitu, ila kamera ya simu mara nyingi itaziona. Kisha fungua lenzi taratibu. Nyuma yake kuna kijikioo cha filta kinachosogezwa na koili ndogo. Mchana kinakaa mbele ya sensa, kile kipande kinachopokea picha, kuzuia infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ili rangi zisiharibike, jua likizama kinavutwa pembeni. Ule mlio wa "tk" unaosikika wakati wa magharibi ndio huo. Mpe kijana betri ndogo, agusishe mara moja kwenye nyaya za koili, kisha ageuze chanya na hasi: filta itakwenda na kurudi mbele ya macho yake.

BintiWete: Fundi, hapo sikuungi mkono. Hiyo ni kamera inayojimulikia kwa taa isiyoonekana. Zibeni LED zake kwa utepe mweusi, chumba chote kitazama kizani. Maajabu yako kwenye tyubu. Mwanga hafifu wa nyota unagonga utando mwembamba ndani ya kioo cha mbele, yaani fotokathodi, unang'oa elektroni. Umeme wa maelfu ya volti unazivuta elektroni hizo hadi kwenye skrini ya fosfa, na pale zinapopiga panawaka kijani. Lenzi ya mbele imeshaipindua picha miguu juu, tyubu inaipindua tena, ndiyo maana jichoni inafika imesimama sawa. Tyubu za kizazi cha pili ziliongezewa kisahani chenye mamilioni ya vitundu. Elektroni moja ikiingia kitunduni, zinatoka maelfu. Hizi za Kirusi za bei ndogo kwa kawaida hazina kisahani hicho.

Ila tyubu yenyewe msiivunje. Ndani ni ombwe, ikipasuka vioo vinaruka. Tena hewa ikiugusa ule utando, umekufa papo hapo, mtabaki mnatizama kioo tupu. Toeni lenzi za mbele na nyuma, ishikeni tyubu nzima.

Ami_Chake: Binti yangu wa Wete kasema kweli. Naongeza la usalama kwa kuwa kuna watoto. Betri ni ndogo tu. Yale maelfu ya volti yanatengenezwa na kisakiti chenye transfoma, kisha ngazi ya dayodi (zinazopitisha umeme upande mmoja) na kapasita (zinazohifadhi chaji) inayopandisha umeme daraja kwa daraja, mtindo walioutumia wanafizikia Cockcroft na Walton mwaka 1932. Ukizima darubini, kijani kinaweza kuendelea kung'aa kwa muda. Huo ni umeme uliobaki kwenye kapasita, na hata kijani kikiisha usitie kidole. Toa betri, ilaze hadi kesho yake, kisha malizia chaji kwa kipinga cha megaomu (kinachopunguza kasi ya umeme) kwenye waya wenye ala nzuri, mkono wako mmoja ukiwa nyuma ya mgongo. Na usiiwashe mchana bila kifuniko, mwanga mkali unaiharibu fotokathodi.

Michenzani_B: Ya kidijitali iacheni, ndani ni kamera ile ile ya Fundi pamoja na kiskrini. Langu ni unyevu. Lenzi ikifunguliwa wakati wa masika inaota ukungu. Ngojeni kipupwe, na mkimaliza ifungieni kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu.

Komba_Jozani: Ahsanteni sana. Kamera tutaifungua Jumamosi baada ya laasiri, tyubu itangoja kipupwe na haitavunjwa. Ami, hicho kipinga nikitafute sokoni Darajani, au nitoe kwenye TV ya chogo?

Ami_Chake: TV ya chogo inavyo karibu na flaibaki, ile transfoma yake ya volti kubwa, lakini nayo ina chaji yake, kali kuliko ya darubini. Usiifungue wewe. Mpelekee Fundi hapo Mkunazini akutolee.