Mrejesho: leseni ya basi la abiria, Kisumu hadi Nakuru

Niliuliza mwenye leseni ya gari dogo aanzie wapi ili aendeshe basi la abiria. Asanteni mlionijibu, sasa nimeshaelewa.

Kwanza ni daraja la leseni. D1 ni ya matatu ya abiria 14, D2 ni minibasi hadi abiria 32, D3 ni basi la 33 kwenda juu. Mwajiri akisema basi kubwa, usijisumbue kumpelekea D1.

Kisha cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unachapisha fomu ya C24 pande zote mbili za karatasi moja, unaenda kuchukuliwa alama za vidole Huduma Centre. Ukichapisha kwenye karatasi mbili, utarudishwa.

Kazi yenyewe iko kwenye breki za upepo. Subiri upepo ujae, zima injini, kanyaga breki na usishike kingine chochote. Mshale wa kipimo cha upepo ukiendelea kushuka mguu ukiwa palepale, kuna mahali panavuja. Gari lisitoke steji. Kwenye mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa, kabla ya kufika Nakuru, teremka na gia ndogo tangu juu. Ukitoa gia, injini haizuii tena, uzito wote unaangukia breki, zinachemka na kupoteza nguvu, na hapo kurudisha gia ni vigumu.

Mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na usukani usizidi saa 8 ndani ya saa 24. Mwenye gari akikusukuma upite hapo, kataa.