Gia niliyoikata kwa siku mbili imepimwa kwenye mizani ya chuma chakavu!

Mkerezaji wa Singida:
Wakuu, naandika mikono ikiwa bado na grisi, na hasira haijashuka hata robo. Yule bwana wa kinu cha alizeti mnamfahamu nyote, hana haja ya kutajwa. Ndiye yule ambaye hata akinunua sindano huuliza kama uzi umo ndani ya bei. Leo asubuhi ameichukua gia niliyomtengenezea, akavuka nayo barabara hadi kwa mnunuzi wa chuma chakavu, akaiweka kwenye mizani, kisha akarudi kuniambia mbele ya vijana wangu wawili: "Fundi, hii ni kilo saba. Chukua elfu saba, na elfu tatu nyingine ya soda." Kwenye mizani ya chuma chakavu, wakuu! Gia ambayo haijaonja hata tone la mafuta ya giaboksi!

Aliniletea gia ya zamani iliyong'oka meno matano, kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Mchoro haukuwepo, hivyo nilikaa na venia, kile kipimio cha taya, nikipima yaliyobaki hadi nikajiridhisha kuwa ni meno 37, moduli 4 (moduli ndiyo kipimo cha ukubwa wa jino). Nilinunua kipande cha EN24, chuma cha aloi kilicho imara, chenye kipenyo cha milimita 160 na uzito unaopita kilo 10, kwa sababu gia ya kilo 7 haitoki katika chuma cha kilo 7. Kilo tatu zimebaki sakafuni kama nyuzi, na nyuzi hizo nazo nilizinunua. Hata hivyo, chuma hicho hakikufika theluthi ya bei niliyomtajia, shilingi 340,000. Kilichobaki ndicho ambacho mizani yake haiwezi kukiona.

Namba 37 haigawanyiki kwa namba nyingine. Mpini wa kichwa cha kugawia, kifaa kinachogeuza gia kwa hatua zilizo sawa, huzungushwa mara 40 ili gia izunguke mara moja, kwa hiyo kila baada ya jino ilinilazimu kuuzungusha mzunguko mmoja kamili na kuongeza nafasi 3 katika duara la matundu 37. Kina cha jino ni milimita 9, nami nilikikata kwa awamu tatu; kisu kilipita mara 111, na kila mara nilihesabu kwa sauti. Ukikosea tundu moja tu, kuna jino litakalotoka jembamba kuliko wenzake, na hapo ndipo kipande kizima kinastahili kupelekwa kwenye mizani ile. Tundu la shafti la milimita 45 halikuruhusiwa kuzidi kipimo kwa zaidi ya sehemu 25 za elfu za milimita, kwa kuwa gia inayopwaya huila shafti. Nusu siku iliisha kwa kufunga kipande kwenye mashine na kutafuta senta, yaani katikati yake, kabla kisu hakijagusa chuma. Angeagiza gia 10, nusu siku hiyo ingegawanywa kwa 10. Aliagiza moja, basi ni yake peke yake.

Na baada ya hayo yote, akaiweka juu ya rundo la rejeta mbovu ili ipimwe!

Mama Kinu:
Pole sana, fundi. Ila tuambie, bei ulimtajia kabla ya kazi au baada?

Mkerezaji wa Singida:
Nilimtajia kabla, mama. Alijibu kwa simu, "Wewe fanya tu, fundi, kinu kimelala na alizeti imejaa ghalani." Mizani hakuitaja siku hiyo.

Kibarua Mstaafu:
Mkuu, nimesoma uzi wote na naona mizani imekuuma kuliko deni. Kosa ni lako, ulimtajia bei kwa jumla. Ungemwambia shilingi 10,000 kwa kila jino, angelipa 370,000 bila kununa, maana meno anaweza kuyahesabu mwenyewe.

Mfinyanga Plastiki:
Ninyi mnalilia gia moja. Mimi nilitaka vifuniko vya chupa 500 tu, nikaambiwa nilipie kwanza moldi nzima, yaani kalibu ya chuma ya kufinyangia plastiki, na bei yake haibadiliki hata kama ningetaka vifuniko laki moja, kwa sababu chuma chake kinachongwa na kung'arishwa vilevile. Nilipogawanya kwa 500, kifuniko kimoja kilikuwa ghali kuliko chupa na maji yake.

Mama Kinu:
Afadhali wewe uliambiwa ukweli mapema. Mimi nililipia bushi ya bronzi, ile pete ambayo shafti huzunguka ndani yake, nikapewa ya shaba ya njano, na kwa macho zinafanana. Ililika ndani ya wiki mbili, na nilipoirudisha fundi aliniambia eti nimeinyima grisi. Bei ilikuwa ya bronzi kamili.

Dereva wa Trekta:
Mama, fundi huyo si yule wa nyuma ya stendi, mwenye leith (mashine ya kukereza) ya kijani?

Mama Kinu:
Ndiye huyohuyo.

Dereva wa Trekta:
Basi tumekwisha. Puli yangu iko kwake tangu Ramadhani, na kila nikipiga simu ananijibu kwamba ameshaifunga kwenye mashine.

Kibarua Mstaafu:
Puli ya inchi ngapi? Nadhani niliiona jana, wameitumia kuzuia mlango.