Tupeane uzoefu: aliasi (vifupisho vya amri) za Git, ile programu ya kutunza historia ya kodi, kwenye terminali, zimekuokoa au zimekulaza ofisini?

kibatari: Wakuu, leo nimekaa nyuma ya jamaa kazini namwona anaandika git status yote, halafu git checkout ya kuhamia brenchi (tawi la kodi) yenye jina refu mstari mzima, mikono ikaniwasha. Mi zamani nilishaweka `git config --global alias.st status`, nikaongeza co ya checkout na br ya branch. Nyie mna zipi?

mama_seva: `git checkout -` inakurudisha brenchi uliyotoka. Wala haihitaji aliasi.

dogo_zsh: Weka oh-my-zsh, nyongeza ya terminali, aliasi zinakuja zenyewe, gst, gco, gp. Kazi kwisha

Chumvi: Halafu siku uko kwenye seva ya mteja haina hizo oh-my unabaki kutoa macho. Jifunzeni amri zenyewe.

dogo_zsh: Mkuu hatushindani kuchapa hapa

binti_pemba: Mmenikumbusha `git fagia` jamani. Nilipokuwa field (mafunzo kazini) kulikuwa na kompyuta moja tunagawana, bro mmoja mkongwe akaweka aliasi anaiita fagia, ndani yake `!git reset --hard && git clean -fdx`. Sasa Ijumaa jioni mwenzangu wa field kaona folda imejaa mafaili ya majaribio kauliza bro hizi takataka nazitoaje, bro yuko kwenye simu hata hakugeuka, "fagia tu". Akafagia. Ile kitu iliondoka na kazi ya wiki nzima ambayo haijakomitiwa, yaani haijahifadhiwa kwenye historia ya Git, ikabeba na .env yenye funguo za malipo maana ile x haibagui, hata vilivyomo kwenye .gitignore, orodha ya vitu Git inavyovipuuza, inazoa. Bro anakata simu anauliza mbona mfumo hauwaki. Kimya. Mwenzangu jasho linamtiririka, mi nimeinama najifanya nafunga kamba za viatu na nimevaa ndala.

kibatari: NDALA 😂😂😂

Chumvi: Reflog ingewaokoa.

mama_seva: Haiwaokoi Chumvi. Reflog inakumbuka komiti, ambacho hakijakomitiwa haikijui. Labda vile vilivyokuwa vimeshafanyiwa git add (kuandaliwa kukomitiwa), hivyo unavisaka kwa `git fsck --lost-found`. Ile .env ndo kwaheri.

Chumvi: Sawa mwalimu.

mzee_konsoli: Mi gs niliifanya status kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya terminali, siku nataka Ghostscript, nayo amri yake ni gs, nibane PDF inaniletea habari za brenchi

kaka_mergi: Aliasi za kuangalia fupisha utakavyo, za kufuta ziandike ndefu mpaka uchoke. Na clean anza na -n ikuonyeshe itakachofuta. Ukilazimika kupushi (kupeleka komiti kwenye seva) kwa nguvu tumia --force-with-lease, ikikuta mwenzio kapushi kitu ambacho huna inagoma.

dogo_zsh: Binti, funguo mlizipata?

binti_pemba: Tulizipata. WhatsApp. Msiulize nani alimtumia nani

mama_seva: Funguo za malipo WhatsApp???

Chumvi: Halafu mnasingizia aliasi.

jirani_wa_bug: Nimeanza kusomea chini, hiyo fagia inaandikwaje niiweke na mimi