Naomba ushauri: majaribio ya dawa mpya za saratani ya umio

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Moshi, namuuguza baba. Ana saratani ya umio, na imeshasambaa hadi kwenye ini. Amepigwa mionzi, akapata na dripu za kemo. Mwanzoni alirudi kumeza hata mtori, tukafurahi mno; sasa maji ya vuguvugu tu yanamkwama.

Nimesoma kwamba mwaka 2021 Marekani waliidhinisha pembrolizumab, dawa inayosaidia kinga ya mwili kupambana na saratani, itumike pamoja na kemo kwa saratani hii. Bei yake hatuiwezi kabisa, ndiyo maana nawaza majaribio ya dawa. Najua hapa nchini lazima yawe na vibali vya NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na mgonjwa anaweza kujitoa wakati wowote. Nimemuuliza daktari wake, hana anayoyajua kwa sasa.

Kuna aliyewahi kumwingiza mgonjwa wa umio kwenye majaribio, iwe hospitali ya KCMC hapa Moshi, Ocean Road kule Dar, au Nairobi? Alianzia kwa nani? Na mgonjwa aliyeshapata kemo, mwili umedhoofika, huwa wanampokea? Baba mwenyewe anataka kujaribu, ila naogopa kumchosha kwa safari ya bure.