Naomba ushauri: mahindi ya msaada na biashara yangu ya nafaka

Ndugu zangu, nauza nafaka katika soko la Kongowea, Mombasa, na sehemu kubwa ya mahindi yangu hutoka Kinango, kaunti ya Kwale, kwa mkono wa mjomba wangu. Msimu uliopita nilikuwa na magunia 40 stoo wakati chakula cha msaada kilipogawiwa huko, mvua ikiwa imekwishanyesha na mavuno yako karibu. Wiki ile ile nikaona kwa jirani yangu wa soko mahindi yakipimwa kutoka gunia lililoandikwa kwamba haliuzwi, na bei ikaporomoka hata nauli ya lori sikuirudisha.

Sina kinyongo na msaada wenyewe. Mwenye njaa hasubiri bei ya soko. Ninachohofia ni miaka ijayo, kwa kuwa mjomba ameamua kulima ekari moja badala ya tatu. Tangu sheria yake ya msaada wa chakula ya 1954, Marekani imekuwa ikituma ng'ambo ziada ya nafaka ya wakulima wake, na safari ya meli hadi bandari ya Kilindini si ya siku mbili, kwa hiyo msaada wa namna hiyo waweza kufika mavuno yakiwa karibu. Hata hivyo, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha mwaka 2008 utaratibu wa kununua kwa wakulima wadogo, Kenya ikiwemo.

Je, wakulima wetu wakijiunga katika ushirika, wataanzia wapi kuuza kwa mashirika ya namna hiyo? Unyevu wa mahindi usiozidi asilimia 13.5 tunauweza kwa kuanika juu ya turubai, lakini sumukuvu, ile sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka, tutaipimia wapi? Au mjomba aache mahindi ahamie kwenye pojo (ndengu)?