Wellington ndani ya buti: wachora vibonzo walimtendea haki au walimchafua?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Naleta ubishi ambao mimi na jamaa yangu tumeshindwa kuumaliza. Wellington, jenerali wa Uingereza aliyemshinda Napoleon kule Waterloo tarehe 18 Juni 1815, alikuja kuwa waziri mkuu mwaka 1828. Wachora vibonzo wa London walimwandama kwelikweli. Jamaa yangu anasema walimkosea adabu mtu aliyewaokoa. Mimi nasema walifanya kazi yao, tena walichelewa.

Chukueni picha moja tu. Mwaka 1827 William Heath alichora buti. Buti refu la ngozi, na pale juu mguu unapoingilia kinachungulia kichwa cha Wellington na kofia yake ya kijeshi. Hana kifua, hana mikono. Kuna buti, kofia, na katikati yake ile pua iliyopinda kama mdomo wa tai, ambayo hata askari wake waliitania. Wakati huo mabuti ya mtindo huo yalikuwa tayari yanaitwa kwa jina lake, naye alikuwa ndiyo kwanza amerudishwa kuwa mkuu wa jeshi. Utani wote uko hapo: kichwa cha jeshi kimeota kwenye kiatu. (Mwingereza hadi leo akienda kwenye matope anavaa "wellington". Ndiyo haya tunayoyaita gambuti, ila ya mwanzo yalikuwa ya ngozi na yalivaliwa na mabwana.)

Sasa weka pembeni yake mchoro wa karamu ya kukumbuka Waterloo, ule uliochongwa kutokana na mchoro wa rangi wa William Salter. Maofisa kwa makumi mezani, nishani vifuani, kila sura imenyooka. Ukifumba macho unakumbuka nani? Mimi nakumbuka buti.

Tena Waingereza wengi wa wakati ule hawakuwa na kura. Picha ya namna hii iliuzwa kama shilingi mbili ikiwa na rangi, fedha ambayo kibarua hakuwa nayo ya kuchezea. Lakini kusimama nje ya dirisha la duka na kutazama kulikuwa bure. Lile dirisha ndilo lilikuwa baraza lao.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, umechagua buti kwa sababu linachekesha. Mbona hukuleta za 1829?

Mwaka huo Wellington alifanya jambo gumu kuliko yote ya siasa yake: alipitisha sheria ya kuwaruhusu Wakatoliki kuingia bungeni, huku sehemu kubwa ya chama chake ikimpinga. Bwana mmoja mkubwa, Earl wa Winchilsea, alimtuhumu gazetini kwamba anauingiza Ukatoliki kwa mlango wa nyuma. Tarehe 21 Machi wakaenda kupigana kwa bastola uwanja wa Battersea. Waziri mkuu aliye madarakani! Wellington akapiga pembeni, mwenzake akapiga hewani, barua ya kuomba radhi ikatoka.

Wachoraji wakafanya nini? Mmoja akamchora Wellington ana kichwa cha kamba kochi, yule kamba mkubwa anayeiva mwekundu, kwa kuwa askari wa koti jekundu walitaniwa kwa jina hilo. Halafu akamvika kanzu ya mtawa. Picha nyingine inamwonyesha amepiga magoti akibusu kidole cha mguu wa Papa. Hapo aliyechekwa si mwenye madaraka peke yake. Wamechekwa Wakatoliki waliokuwa wanadai haki yao. Hilo baraza lako lilikuwa na watu wengine wamewekwa nje.

MCHANGIAJI WA PILI
Naongeza dogo. Wakubwa walijua vizuri kwamba vibonzo vinauma. Mwaka 1820 George Cruikshank alilipwa pauni 100 ili asimchore Mfalme George wa Nne katika hali ya aibu. Hulipi pauni mia kwa kitu kisicho na nguvu.

MCHANGIAJI WA TATU
Wote mnamsahau HB. Huyu alikuwa mchora vibonzo John Doyle, aliyetia sahihi ya HB kwenye picha zake, Mkatoliki wa Dublin, mji uleule wanaoutaja Wellington alikozaliwa. Alichora kwenye jiwe la kuchapia, si kwenye bamba la shaba, kwa hiyo mistari yake ni laini kama ya penseli. Wellington wake ana pua yake, koti lake la kifungo na mgongo ulioanza kuinama. Hakuna kiumbe cha baharini. Unamtambua, unatabasamu, hutoki na chuki. (Mjukuu wake ndiye Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Damu haipotei.)

MLETA MADA
Kwa kamba kochi nimekamatika, sibishi. Lile halikuwa tatizo la Wellington tu, ni wachoraji kuuza hofu iliyokuwa inauzika.

Lakini HB simtaki kama kipimo. Adabu yake iliwafaa wenye vyumba vya kupokelea wageni. Tarehe 2 Novemba 1830 Wellington alisimama bungeni akasema mfumo wa uchaguzi hauhitaji marekebisho, wakati ambapo Manchester nzima haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Katikati ya mwezi huohuo serikali yake ikaanguka. Mtu wa namna hiyo unamchora kwa penseli laini? Ndiyo maana baadaye C. J. Grant alitoa michoro ya mbao, mikali, kwa bei ya senti tu, na mnunuzi wake hakuwa bwana.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Sawa, na baada ya ukali? Aprili 1831 mke wake, Kitty, alifariki. Siku tatu baadaye umati ulivunja vioo vya nyumba yake kwa mawe, kwa kuwa hazikuwashwa taa za kusherehekea mageuzi ya uchaguzi. Maiti ilikuwa bado ndani. Ukishamzoesha mtu kuona buti na kamba, atajuaje kwamba humo ndani kuna msiba?

MLETA MADA
Hilo limenigusa, mkuu. Ila Kitty hakuna aliyemchora kwenye buti, na waliorusha mawe walikuwa wamesikia hotuba ya Novemba kwa masikio yao au kwa jirani. Nampelekea jamaa yangu uzi huu asome. Najua ataniuliza kuhusu Kitty kwanza.